Sembène na shule ya usiku

Ousmane Sembène wa Senegali alikuwa anakaribia miaka 40 alipokwenda Moscow kujifunza kushika kamera. Ilikuwa 1962. Wakati huo alikuwa tayari mwandishi mwenye jina. Riwaya yake kubwa kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar–Niger ilitoka 1960 na wasomaji wa Ulaya waliipokea vizuri. Angeweza kukaa hapo hapo, akaandika nyingine, akaalikwa kwenye makongamano. Lakini alikwisha kujiuliza swali ambalo waandishi wengi wa Afrika wanalikwepa mpaka leo: ni nani hasa anayenisoma? Watu aliowaandika, yaani makuli, wachuuzi wa samaki, mafundi wa reli na wake zao, wengi hawakujua kusoma Kifaransa, na waliojua hawakuwa na pesa ya kununua kitabu kilichochapwa Paris. Hakukaa akilalamika kwamba watu wake hawasomi. Akaenda kutafuta chombo kitakachowafikia, akaingia darasani upya katika studio ya Gorky, chini ya mwongozaji Mark Donskoy, yeye mtu mzima aliyekwisha kupigwa na maisha.

Sinema, alipenda kusema, ni shule ya usiku. Nimeishi na filamu zake kwa miaka mingi, na kila ninapozirudia nasadiki zaidi kwamba hapo ndipo pa kuanzia ukitaka kumwelewa. Waliokulia Tanzania ya miaka ya 1970 wanakumbuka kisomo cha watu wazima: watu walioshinda shambani wanakuja jioni, wengine na watoto mgongoni, wanakaa kwenye madawati ya wanafunzi wa darasa la kwanza. Mwanafunzi wa namna hiyo haji mikono mitupu. Anakuja na maisha yake yote, na uchovu, na misimamo yake, na hawezi kukubali kuzungumziwa kama mtoto. Sembène alitengeneza filamu kwa ajili ya mtu huyo, na ukilishika hilo utaelewa kwa nini alichagua lugha alizozichagua, waigizaji aliowachagua, hata kwa nini aligombana na watu aliogombana nao.

Alizaliwa 1923 mjini Ziguinchor, Casamance, kusini mwa Senegali, mtoto wa mvuvi. Bahari haikumtaka. Akipanda mtumbwi anatapika, kwa hiyo kazi ya baba haikuweza kuwa kazi yake. Sehemu ya utoto wake alilelewa na bibi, na sehemu nyingine na mzee wa upande wa mama aliyekuwa mwalimu na mtu wa dini. Shuleni hakudumu. Akiwa bado kijana mdogo alizabwa kofi na mwalimu mkuu Mfaransa, naye akarudisha, na masomo yakaishia hapo. Akaenda Dakar kutafuta riziki: kibarua, fundi mwashi, fundi makanika.

Kazi ikiisha, alikuwa anaingia sinema. Alisimulia baadaye kwamba picha iliyomkaa moyoni ni ile ya michezo ya Olimpiki ya Berlin ya 1936. Filamu hiyo ilitengenezwa kuutukuza utawala wa Hitler, lakini kijana Sembène alichokiona humo ni Jesse Owens, mtu mweusi, akiwaacha Wazungu nyuma mbele ya uwanja mzima. Jambo hili nalipenda kuliko mengine yote katika habari za ujana wake. Waliotengeneza picha walikusudia kusema moja, na fundi mwashi wa Dakar akaisoma kinyume kabisa. Mtu aliyejionea mwenyewe kwamba mtazamaji ana akili zake hawezi baadaye kuwatazama watazamaji kama vyombo vya kumiminiwa.

Mwaka 1944 alichukuliwa jeshini, akahudumu Niger kama dereva. Aliporudi Dakar hakukuta kazi ya maana, akakuta mgomo wa reli umeanza, na mwishoni mwa 1947 akazamia meli mpaka Ufaransa. Marseille akawa kuli bandarini. Akajiunga na chama cha wafanyakazi, CGT, na baadaye Chama cha Kikomunisti. Makuli wa Marseille walipogoma kupakia silaha zinazopelekwa vitani Indochina, naye alikuwamo. Mwaka 1951 akaumia vibaya uti wa mgongo akiwa kazini. Katika miezi ya kuuguza mgongo ndipo alipozama kwenye vitabu, na maktaba aliyoitumia ilikuwa ya chama chake cha wafanyakazi. Chuo kikuu hakukanyaga. Riwaya yake ya kwanza, ya 1956, ilimhusu kuli mweusi wa Marseille anayeandika kitabu.

Naikokota habari hii ya kazi kwa sababu inaonekana katika kila picha yake. Mwongozaji aliyewahi kubeba mizigo kwa mgongo anajua kitu kina uzito gani. Katika filamu za Sembène vitu havipo kwa ajili ya kupamba. Gunia la mchele, kitambulisho, redio ya betri, nishani ya askari mstaafu, kamba iliyofungwa mlangoni: anakuonyesha kinashikwaje, kinagharimu kiasi gani, nani ana haki ya kukigusa.

Wazo la sinema, alivyoeleza mwenyewe, lilimjia akiwa ndani ya boti kwenye mto Kongo, siku zile za Lumumba. Alikuwa amerudi Afrika kuzunguka nchi zilizokuwa zinapata uhuru, akatazama ule mto na watu wake, akaona kwamba maandishi hayatatosha.

Kwa vijana wa leo wenye simu mfukoni inafaa kukumbusha jambo moja. Tangu 1934 kulikuwa na amri ya serikali ya Ufaransa, iliyoitwa kwa jina la waziri Laval, kwamba asiyepewa kibali hana ruhusa ya kupiga filamu katika makoloni yake ya Afrika. Mwongozaji Mwafrika Paulin Vieyra na wenzake walipotaka kutengeneza filamu mwaka 1955 iliwabidi waipige Paris, katika mitaa ya Paris, kuhusu Waafrika wa Paris. Waafrika wa makoloni hayo walionekana kwenye sinema za dunia kwa miongo mingi huku wachache mno wakipata nafasi ya kusimama nyuma ya kamera nyumbani kwao.

Kwetu Waingereza walikuwa na njia yao. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, katika milima ya Usambara, uliendeshwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walitengeneza filamu fupi fupi kwa ajili ya Waafrika, zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi, sauti ikiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Mada zilikuwa safura, kilimo, usafi, bei ya kahawa. Mojawapo ilihimiza watu waweke akiba Posta badala ya kuficha pesa zao nyumbani. Mimi ni mtu wa Tanga, Vugiri ni kwetu, na bado niliingia utu uzima bila kusikia kwamba sinema iliwahi kutengenezwa pale. Waliohusika hawakuwa watu wabaya wote. Walitaka watu wapone minyoo. Lakini nao waliona sinema ni shule, na ndiyo maana nawaweka karibu na Sembène. Katika shule yao, kila swali lilikuwa na jibu kabla taa hazijazimwa. Kulikuwa na mjinga na mwerevu. Mjinga anapata hasara, mwerevu anafaidika, kila mtu arudi kwake akafuate mfano. Kwamba serikali yenyewe, au Posta yenyewe, inaweza kuwa ndiyo tatizo, halikuwa swali linaloruhusiwa.

Sasa itazame Mandabi, ya 1968. Nayo inahusu Posta.

Ibrahima Dieng, mtu mzima, hana kazi, ana wake wawili na watoto wengi. Filamu inaanza kwa kinyozi. Dieng ameketi nje, ananyolewa, na kinyozi anafika mpaka kwenye pua, ule wembe unazunguka ndani ya tundu taratibu, na kamera haiondoki. Unajifunza kila kitu kuhusu mzee huyu kabla hajafungua mdomo: anajipenda, anapenda kuhudumiwa, ana heshima yake na ameikalia. Kisha mleta barua analeta hawala. Mpwa wake anayefagia barabara Paris ametuma mani oda ya faranga 25,000. Katika hizo, 20,000 za kumwekea, 3,000 za mama wa kijana, na 2,000 tu za Dieng mwenyewe. Lakini mtaa haujui mgawanyo huo. Mtaa umesikia mani oda. Kabla Dieng hajaiona senti, wake zake wamekwisha kukopa mchele dukani, jirani amekuja kukopa, shehe amekuja, kila mwenye shida amebisha hodi.

Posta wanataka kitambulisho. Hana. Polisi wanataka cheti cha kuzaliwa, picha tatu na stempu. Manispaa wanataka tarehe ya kuzaliwa, naye anajua tu kwamba alizaliwa kiasi cha mwaka 1900. Mpiga picha anachukua pesa na picha haitoki, wanapigana, mzee anarudi nyumbani pua inavuja damu. Kila dirisha lina mtu wake na kila mtu ana bei yake. Mwisho anamwamini ndugu mwenye suti na gari amsaidie kuichukua hawala, na ndugu anaila yote, anamrushia gunia la mchele.

Nilimwonyesha mama yangu filamu hii, sebuleni, mimi nikimfasiria maandishi ya chini. Nilidhani nitaeleza mengi. Dieng alipofika dirisha la pili, mama akasema, "Mwanangu, acha kufasiri, haya nayajua." Mwanamke aliyewahi kufuatilia mafao ya marehemu mume wake ofisi kwa ofisi, faili limepotea, faili limeonekana, rudi wiki ijayo, muhuri umekosewa, hahitaji kuelezwa Dakar ya 1968. Alicheka pale kwa kinyozi na alinyamaza pale kwa mpiga picha. Filamu ilipoisha hakusema imefundisha nini. Alianza kubishana na Dieng, kwamba lile gari na ile suti vingemshtua mapema, na kwamba wake zake ndio waliokuwa na akili. Tukakaa mpaka usiku tukimjadili Dieng kana kwamba anaishi nyumba ya tatu.

Hiyo ndiyo shule ya usiku. Hakuna mwerevu wa kuigwa. Dieng mwenyewe si malaika. Anawatawala wake zake na anapenda sifa. Mwishoni mleta barua anamwambia kwamba nchi hii wataibadilisha wao wenyewe, Dieng na wake zake na watoto wake, na Sembène haonyeshi itabadilishwaje. Anawaachia waliokaa ukumbini.

Ili mjadala huo uwezekane, ilibidi watu waisikie kwa lugha yao. Filamu yake ya kwanza kufika mbali, La Noire de..., ya 1966, ilikuwa kwa Kifaransa. Ni hadithi ya Diouana, msichana wa Dakar anayechukuliwa na familia ya Kifaransa kwenda Antibes akidhani atalea watoto, akajikuta mpishi, mfuaji na kitu cha kuonyeshwa wageni, mpaka anajiua bafuni. Chanzo chake ni habari ndogo ya gazetini. Tunayasikia mawazo ya Diouana filamu nzima, na anawaza kwa Kifaransa fasaha, kwa sauti ya mwigizaji Toto Bissainthe kutoka Haiti. Filamu ni kali, ilipata tuzo ya Jean Vigo, lakini mama yake Diouana, yule anayeonekana mwishoni akikataa kupokea mshahara wa mwanawe kutoka mkononi mwa bwana, asingeifahamu. Miaka miwili baadaye Sembène akatengeneza Mandabi kwa Kiwolofu, na kwa kuwa pesa za Kifaransa zilikuja na masharti yake, ilimbidi atengeneze na toleo la Kifaransa pembeni. Alikubali. Muhimu Kiwolofu kimepita. Baadaye akafanya Emitaï kwa Kidiola, lugha ya Casamance alikozaliwa, na Moolaadé kwa Kibambara.

Watu wanapomsifu kwa hilo huwa wanasema alitetea utamaduni. Mimi naona ni kitu cha karibu zaidi na cha kazi zaidi: alitaka ukumbi ujibu. Alikuwa anabeba mikanda ya filamu mwenyewe mpaka vijijini, anaonyesha, kisha anabaki kusikiliza watu wakibishana. Huwezi kubishana na kitu ulichokisikia nusu.

Ndiyo sababu pia alikuwa mkali kwa waliotutazama kwa mbali. Mwaka 1965 alikaa uso kwa uso na Jean Rouch, Mfaransa aliyekuwa amepiga filamu nyingi Niger na Mali na aliyeheshimika kama rafiki wa Afrika, akamwambia kwamba yeye na wenzake wanatutazama kama wadudu. Rouch alikuwa na mema yake, na vijana kadhaa wa Niger walijifunza sinema kwake. Lakini Sembène alikuwa anazungumzia mahali kamera inaposimama. Na miaka mingi baadaye alipoulizwa na Férid Boughedir, mwongozaji wa Tunisia, kama filamu zake zinaeleweka Ulaya, alijibu kwamba Ulaya si kitovu chake. Kwa nini awe alizeti la kugeuka kulifuata jua, ilhali jua ni yeye mwenyewe?

Hakuwabembeleza hata watu wake. Ceddo, ya 1977, inaonyesha kijiji cha zamani ambamo imamu anajipenyeza mpaka anashika madaraka, anawalazimisha watu wasilimu na kuwapa majina mapya, huku mfanyabiashara wa watumwa na padri Mzungu wakisubiri zamu yao pembeni. Sembène mwenyewe anaonekana kati ya wanaonyolewa na kupewa jina. Mimi nimelelewa chuoni, nimehitimu Juzuu Amma kabla ya kwenda darasa la kwanza, na dini yangu naipenda. Filamu hii iliniuma, na bado inaniuma. Imamu wake hana hata chembe ya huruma, na mimi maimamu walionilea walikuwa watu wa huruma. Hata hivyo siwezi kusema haikuwa na haki ya kutengenezwa. Swali lake, kwamba tulikuwa kina nani kabla ya majina haya na nani aliulizwa, ni swali halali kwa mtu wa pwani pia, na nyumba zetu zina watu wengi ambao mababu zao hawakuulizwa. Serikali ya Rais Senghor iliizuia isionyeshwe Senegali, sababu iliyotangazwa ikiwa tahajia ya jina la filamu, eti herufi d iwe moja na si mbili. Ukiwa na muda, isikilize tu: muziki ni wa Manu Dibango.

Kati ya filamu zake zote, iliyonigusa nikiwa kama mjukuu ni Camp de Thiaroye ya 1988, aliyoiongoza pamoja na Thierno Faty Sow. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Alirudi na koti la jeshi, na neno moja moja la Kihindi, na habari za vita hakuzisimulia kwa wajukuu. Thiaroye ni kambi nje ya Dakar. Desemba 1, 1944, askari Waafrika waliopigania Ufaransa, wengi wao wakiwa wametoka kwenye kambi za wafungwa za Wajerumani, walikuwa pale wakidai malimbikizo ya mishahara yao. Alfajiri jeshi la Ufaransa likawafyatulia risasi. Hesabu ya kiserikali ilitaja watu 35. Wanahistoria wanaamini waliokufa ni wengi zaidi ya hapo. Novemba 2024, miaka 80 baadaye, Rais Macron aliandika kukiri kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki.

Katika filamu kuna askari anayeitwa Pays. Alipitia kambi ya Buchenwald, ameharibika akili, hasemi. Anavaa kofia ya chuma ya Kijerumani. Wanapoingia Thiaroye anakwenda moja kwa moja kwenye seng'enge, anaishika, anaipapasa, na wewe unaelewa kwamba kwake hii ni kambi ile ile. Usiku wa mwisho yuko zamu, anaviona vifaru vinakuja, anakimbia kuwaamsha wenzake, na kwa kuwa hawezi kusema na kila mtu anajua hali yake, wanambembeleza arudi kulala. Sijui mahali pengine katika sinema ambapo historia imeelezwa kwa ufupi kiasi hicho. Pesa za filamu zilitoka Senegali, Algeria na Tunisia, bila faranga ya Ufaransa, na huko Venice ilipewa tuzo maalumu ya majaji. Ufaransa ilichukua miaka kabla ya kuonyeshwa hadharani.

Alikuwa na miaka 81 alipomaliza Moolaadé, iliyoshinda tuzo ya Un Certain Regard kule Cannes mwaka 2004. Watu wa umri huo huwa wanapewa tuzo za heshima. Yeye alikuwa kijijini Djerisso, Burkina Faso, kwenye jua, akipiga filamu kuhusu ukeketaji.

Wasichana wanne wanatoroka ngariba, wanakimbilia kwa Collé, mwanamke ambaye binti yake mwenyewe alikataa akeketwe. Collé anafunga kamba ya nyuzi za rangi mlangoni, chini, usawa wa magoti. Hiyo ndiyo moolaadé, hifadhi, na kwa mila ya pale hakuna mtu anayethubutu kuivuka mpaka aliyeifunga atamke neno la kuifungua. Mtoto mdogo anairuka. Ngariba, wanawake waliovaa nyekundu wenye vyeo vyao kijijini, wanasimama mbele yake wasipite. Kwa hiyo Collé hapigani na mila kwa kitu kutoka nje. Amechukua mila moja akaisimamisha dhidi ya nyingine. Hapa ndipo Sembène anapowazidi waandishi wa miradi ya uhamasishaji, ambao nimetazama filamu zao nyingi na nimezisahau. Kwao mila ni ugonjwa mmoja mkubwa unaosubiri dawa. Mzee huyu alijua ndani ya mila kuna mabishano, na kwamba wanaobishana ni watu wenye akili.

Wanaume wanaamua tatizo ni redio, kwa sababu wanawake wanazisikiliza, wakazikusanya zote zikarundikwa mbele ya msikiti na kuchomwa, nyingine zikiendelea kuimba motoni. Mume wa Collé, mtu asiye mbaya, anashinikizwa na kaka yake mpaka anamchapa mkewe viboko hadharani ili alitamke lile neno. Tunamtazama Collé akichapwa. Kuna wanawake wanaomwambia atamke, na kuna wanaomsihi asitamke. Hatamki. Aliyemwigiza, Fatoumata Coulibaly wa Mali, ni mwandishi wa habari na mwanaharakati aliyepitia kisu mwenyewe.

Tanzania sheria ya 1998 inakataza kumkeketa msichana chini ya miaka 18, na Kenya ina sheria yake ya 2011. Pamoja na hayo, msimu unapofika Mara, wasichana bado wanakimbilia nyumba salama, wengine usiku, kwa miguu, na kuna watu wanaowafungulia mlango huku ndugu wakisimama nje wakidai mtoto wao. Hao wanaofungua mlango wanaifanya kazi ya Collé bila kuwa na kamba inayoogopwa.

Sembène alifariki nyumbani kwake Yoff, Dakar, Juni 2007. Aliacha filamu aliyoiwaza kwa miongo mingi, ya Samori Touré, yule aliyepigana na Wafaransa kabla ya kukamatwa 1898. Skripti aliiandika, pesa hazikutosha kamwe. Samba Gadjigo, aliyeandika maisha yake, alikuta baadhi ya mikanda ikiharibika kwa kutu katika nyumba ile, na sehemu ya filamu ya hali halisi aliyoitoa 2015 na Jason Silverman inahusu hilo. Tangu hapo kadhaa zimesafishwa na kurekebishwa, zikiwamo Mandabi, La Noire de... na ile fupi ya 1963 ya mwendesha mkokoteni wa farasi anayeingia mtaa wa matajiri akanyang'anywa chombo chake cha riziki. Zinapatikana kwa mwenye kadi ya benki na intaneti nzuri, na maandishi ya chini ya Kiingereza au Kifaransa.

Kwetu watu hawatazami filamu hivyo. Wanatazama kwenye vibanda umiza, kwenye simu ya mwenzao, na kwa miaka mingi wamekuwa na mafundi wao wa kusimulia: Lufufu aliyewafanya Watanzania wacheke na filamu za nchi ambazo hawajawahi kuzisikia, DJ Afro Kenya, na wenzao Uganda. Hao wanaijua kazi ambayo Sembène aliipigania, ya kumfanya aliyeketi kwenye benchi ajibu. Ningependa wenye haki za filamu hizi na wenye fedha za utamaduni wakae na mafundi hao. Waanze na Mandabi. Isimuliwe kwa Kiswahili cha mtaani, na msimuliaji anyamaze pale kwa kinyozi, kwa sababu pale hakuna cha kuongeza, kisha aje dirisha kwa dirisha mpaka mwisho, na ikiisha tiketi ile ile iruhusu watu kubaki wakibishana.